Protini ya Kuishi

Dada Furaha,

Pokea salamu zangu, uwagawie na Mama na watoto. Mvua ikikatika naiona milima ya kwetu Uvira kule ng'ambo ya ziwa, lakini vita vimenifungia huku mtaa wa Mutanga kwa mjomba, na kila mtu hapa anakula peke yake.

Leo binamu Spes, anayesoma udaktari, alinikuta jikoni na sahani ya ndagala, hawa dagaa wa ziwani. Nikamuuliza anasoma nini.

"Seli za neva. Mutoto akiwa tumboni zinakuwa nyingi kupita kiasi. Kila moja inanyoosha mukono, itafute pa kushika. Ikifika, inapewa protini ya kuishi. Lakini protini ni kidogo, haizitoshi zote."

"Inayokosa inauawa na nani?"

"Hakuna mutu. Inajizima yenyewe. We, mbona hauli?"

Nikasema chumvi imezidi. Uongo, Dada; nilijiona mimi ndiye ile seli inayokosa. Sijaongea na jirani hata mmoja. Naogopa wakisikia lafudhi yangu wataniuliza mi ni wa upande gani. Mama usimwambie. Ila niandikie, hata kama ni kunigombeza tu.

Mdogo wako anayekupenda,
Neema