Kofia za Nguzo Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Nimemwita injinia anisainie karatasi ya kuongeza tenki la nne juu ya paa. Karatasi moja tu. Kaja kijana, viatu vyake havijawahi kukanyaga zege bichi. Kapanda, kapiga magoti pale ilipo nguzo ya saba, dakika kumi anapapasa zege. Kuna ufa hapo, wa mviringo, kama alama ya sufuria kwenye meza. Niliuziba mwezi uliopita, nikausahau.

Kaandika maneno mawili: panching shia. Na kwa mdomo — matenki yamwagwe yote, mama yangu ahame sebule iliyo chini yake.

Miaka ishirini na sita kwenye ujenzi, nilianza kwa kubeba ndoo za maji ya zege. Nikamwambia neno hilo sijawahi kulisikia. Kanijibu, "Basi leo limekupandia paani, dada." Ana mdomo huyo. Sikumwaga hata lita.

Jumanne, 4 Machi

Nimemuuliza seremala wangu kama analijua. Kasema huenda ni ugonjwa wa ng'ombe, Bosi, tutafute dawa. Tumecheka wote. Kaka naye kwenye simu: nyumba kajenga nani, wewe au yeye?

Nilifurahi mpaka nilipopanda paani tena. Ufa umetoka nje ya kiraka changu.

Jumatano, 5 Machi

Nimekwenda ofisini kwa injinia. Nikataka anieleze kama fundi, si kama mwanafunzi.

Kaeleza vizuri, lazima niseme. Zege la paa likielemewa katikati, linapinda, linakuonya. Lakini paa langu halina mihimili, limekaa juu ya vichwa vya nguzo tu. Mzigo ukizidi kandokando ya nguzo, zege linakatika kuizunguka nguzo, paa linashuka na nguzo inabaki imesimama. Imetoboa. Kwa Kiswahili? Kakuna kichwa. Mkato wa kutoboa, labda. Nikauliza, linatoa taarifa kabla? Ufa wa mviringo, ukibahatika.

Halafu kafungua michoro ya nyumba yangu. Kila nguzo ina kofia juu, zege nene, mita moja kwa mita moja. Kaniuliza, mbona kofia sizioni?

Nikasema seremala alikosea.

Jioni kaja kubandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa. Kikivunjika, ufa unatembea.

Alhamisi, 6 Machi

Nimechukua katoni, nikapanga vigae juu, nikaisukuma kwa chini na fimbo ya Mama. Haikupinda. Ikatoboka tu, tundu safi, vigae vikanishukia mkononi. Mama: "Mwanangu, hiyo fimbo naitembelea."

Hesabu. Nguzo ni sentimita 30 kila upande: mzingo 120. Kofia ingekuwa 400. Sentimita 280 za kushikilia paa zimenyolewa. Na juu yake lita elfu tano mara tatu, tani kumi na tano ambazo hazikuwa kwenye mchoro.

Nilinyoa mimi. Seremala alisimama pale na mchoro mkononi, akasema Bosi, hapa pana kofia. Nikamwambia kofia moja ni siku mbili za mbao, nguzo kumi na mbili, siku ishirini na nne, kwa kitu cha kuharibu dari. Watu walikuja kuitazama dari ile. Bapa kama kioo. Niliwaonyesha mwenyewe.

Ijumaa, 7 Machi

Kaka kamwambia seremala asikanyage tena hapa, eti kwa kuacha kofia. Nilikuwepo. Nilikuwa natafuta funguo kwenye mkoba.

Jumamosi, 8 Machi

Kioo kimevunjika. Vipande viwili.

Saa mbili asubuhi nimefungua matenki. Bomba ni moja, lita arobaini kwa dakika — masaa sita na robo. Sasa saa nne. Zimebaki lita 10,200.

Nilimpigia seremala nikidhani hatapokea. Kaja na mirunda kumi na mbili ya kuegemeza paa.

Mama hatoki. Amekaa kwenye kiti chake, mgongo kwenye nguzo ya saba. Anasema nyumba ya mwanawe haina kasoro, ameishi humo miaka mitatu. Nikamwambia twende, nitakueleza nje. Hapana. Kama huyu seremala ndiye aliyeharibu, aseme hapa hapa mbele yake, ndipo atainuka.

Naandika nikiwa kwenye ngazi, baada ya kusema naenda kutazama maji.

Seremala kasimamisha minne. Wa tano kaushika mkononi, mahali pake ni pale kilipo kiti cha Mama. Mama kamuuliza, "Ni wewe, baba?" Namsikia kutoka hapa. Kasema tu, "Tumsubiri Bosi."