Sahihi Niliyoombwa Ras Kitau

Alhamisi. Joto la leo lilianza kabla ya jua. Niliamka shuka imenigandama mgongoni, na halikuwa joto peke yake. Nilijua simu itakuja leo.

Kwa mnaopita hapa mara ya kwanza: mimi ni mkaguzi wa mazingira. Kwetu ni Kitui, lakini nimekaa Lamu muda wa kutosha hata nasalimiwa njiani na watu nisiowajua. Kazi yangu ni kwenda kuangalia kama anayejenga anafuata sheria. Akifuata, naandika hivyo. Asipofuata, namsimamisha.

Tangu serikali ibadilike, nimekuwa nikienda ofisini kama mtu anayeingia nyumba ya mkwe. Mkurugenzi wetu wa zamani aliondoka bila hata kuagwa. Aliyekuja alituita kikaoni siku yake ya kwanza, akatuambia wakubwa wapya wamechoshwa na wakaguzi wanaofukuza wawekezaji. Sheria haijabadilishwa hata mstari mmoja. Kilichobadilika ni sauti ya anayetuamuru.

Simu ya mkurugenzi mpya ikaja nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi.

"Madam Wanza, ile hoteli ya Ras Kitau. Wageni wanaingia Jumamosi. Nenda leo, uwatilie sahihi wafungue."

Nikamwambia mtambo wa kusafisha maji taka haujakamilika. Akaniambia hakuniuliza habari za mtambo.

Sahihi yangu ndiyo inayotakiwa, kwa sababu mimi ndiye niliyetoa amri ya kuwasimamisha. Maji ya vyooni yalikuwa yakimwagwa moja kwa moja kwenye mkondo, ng'ambo ya Shela, mahali watoto wanaogelea na watu wanatega nyavu. Baada ya amri ile, hoteli iliajiri mtu wa kuhakikisha wanafuata masharti. Jina lake Salma, binti wa Pate aliyesomea mambo ya maji. Wengi hudhani mimi na yeye ni maadui, kwa kuwa mimi ni wa serikali na yeye ni wa hoteli. Ukweli ni kwamba amri yangu ndiyo iliyompa sauti mbele ya waajiri wake. Kila walipotaka kukwepa, aliwaambia, "Mkaguzi atakuja."

Leo mkaguzi amekwenda, lakini ametumwa akafungue mlango.

Nilivuka kwa boti. Salma alinisubiri gatini, mtandio umemlowa jasho. Hakuningoja nishuke vizuri.

"Bi Wanza, mafundi wamerejeshwa makwao asubuhi hii. Shimo la tangi limewatwa wazi vile vile, bila kufunikwa. Nami nimeambiwa leo ndiyo siku yangu ya mwisho."

"Nani kakwambia?"

"Meneja. Asema nti ina wenyewe wapya sasa, masharti yameisha." Akanitazama usoni. "Yameisha?"

Nilimwomba anipeleke kwenye bomba.

Maji yalikuwa yamekupwa. Bomba lilitokeza mchangani, jeupe, na chini yake palikuwa na kidimbwi cha kijivu chenye povu. Walikuwa wakijaribu vyoo, Salma akaniambia, wajiandae kwa wageni. Alisema kwa sauti ndogo, kama mtu anayeeleza aibu ya nyumbani kwao. Halafu akaniambia jambo ambalo hakuwahi kuniambia: kwao Pate wapo wasiompokea salamu tangu aajiriwe hapa, wakisema amenunuliwa awafichie wachafuzi.

"Na leo ndiyo watakuwa wamesema kweli," akasema, "kama nitatoka hapa na uchafu huu unapita."

Meneja alitupokea barazani na madafu baridi. Karatasi ilikuwa mezani tayari, na kalamu juu yake. Si mtu mbaya. Aliniuliza habari za binti yangu kwa jina, akasema Mwende ameshakuwa Mswahili, na mimi nikatabasamu. Akaongeza kwamba amesikia ofisi yetu ina mpango wa kuhamisha watu, na angesikitika kunikosa.

Hapo ndipo nilipoishika kalamu.

Naandika hili kwa sababu sitaki mtu anisome akadhani mimi ni shujaa. Niliishika. Nilimwona Mwende, marafiki zake wa madrasa ya jirani wanaokuja kumwita wakacheze ingawa yeye huenda kanisani, mwalimu wake anayempenda, chumba chetu cha juu chenye upepo. Nikajiambia wageni wa wiki moja hawawezi kuimaliza bahari. Nikajiambia nisipotia sahihi mimi, atatia mwingine. Kila neno nililojiambia lilikuwa na akili ndani yake. Hilo ndilo lililonitisha.

Salma alikuwa amesimama mlangoni. Macho yake yalikuwa kwenye kalamu.

Nikaiweka kalamu chini, nikampigia mkurugenzi mbele yao wote wawili.

"Bosi, nimeliona bomba. Linamwaga uchafu sasa hivi, nikiongea nawe. Siwezi kutia sahihi."

"Nimekupa maagizo, Madam."

"Sheria inakuruhusu kuiondoa amri wewe mwenyewe. Karatasi iko hapa mezani. Uje utie jina lako."

Nilisikia feni ya ofisi yake ikizunguka.

"Rudi ofisini," akasema, kisha akakata.

Meneja alikuwa ameacha kutabasamu. Akatoka nje na simu yake. Tulimsikia akimbembeleza mkurugenzi aje, halafu akiwabembeleza mawakala wanaoleta wageni wapokee ahadi ya mdomo. Alirudi amekunja uso. Mkurugenzi ana vikao. Mawakala hawaleti mtu bila kibali chenye sahihi, kwa sababu mgeni akiugua ni wao watakaoshtakiwa.

Kumbe wote walikuwa wanataka mlango ufunguliwe, na hakuna aliyetaka mkono wake uonekane kwenye komeo.

Niliporudi ofisini, barua yangu ya uhamisho ilikuwa tayari. Naenda bara, kaskazini, mbali na maji yoyote ya chumvi. Mkurugenzi alinipa mwenyewe, bila hasira. Aliniangalia kidogo akasema, "Ungevumilia tu, Madam, kama tunavyovumilia wengine." Nadhani alikuwa akijisemea mwenyewe.

Sikulia pale. Nililia kwenye ngazi za nyumbani, nikapangusa uso kabla ya kuingia.

Baada ya magharibi Salma akapiga simu. Sauti yake ilikuwa juu, nyuma yake kelele za sepetu. Wageni wa Jumamosi wamepelekwa hoteli nyingine. Meneja amewaita mafundi warudi, na yeye Salma ameambiwa abaki mpaka mtambo ukamilike.

"Alhamdulillahi, Bi Wanza! Na wewe je, wamekwambiaje?"

Nikamwambia.

Kelele za sepetu ziliendelea. Kisha akasema, "Ndoo, uje Pate nasi Jumapili. Mama akuone. Nataka wote wakuone ukiwa umekaa na mimi."

Nikamwambia nitakuja.

Sijui nimeshinda au nimeshindwa. Atakayekalia kiti changu simjui. Je, atapanda boti kwenda kuangalia kwanza, au atatia sahihi akiwa mezani? Na mtambo ule, utawahi kukamilika kabla hajafika?

Mwende yuko chumba cha pili, anakariri shairi la shule kwa lafudhi ya Kiamu, ya watu wa hapa Lamu, ambayo mimi sitaipata maishani. Habari ya kuhama nitamwambia kesho, akisharudi kutoka shule.

Leo namwacha amalize shairi lake.