Dada Yangu Sekela Hakuwa Debe

Atupele, mpwa wangu uliyeko Ulaya,

Unakumbuka likizo ile, mwaka reli mpya ilipofika Mbeya, ulivyoniletea habari za kompyuta ghalani kwangu Uyole? Mimi ni wa darasa la nne, lakini kule Idodi nilimfukuza simba kwa kofia, na mpaka leo hajarudi. Sikuona la kunishinda. Ukanishinda wewe.

Ulitia viazi kwenye debe langu, ukamwaga, ukatia mahindi. "Kuna majina kwenye kompyuta yaliyo kama debe hili, mjomba: debe ni lile lile, kilichomo ndicho kinachobadilika. Kila anayelishika atakuta kipya. Cha zamani kimekwenda." Nikasema, kumbe kompyuta ni soko la Mwanjelwa tu. Mama yako, dada yangu Sekela, alikuwa anachambua maharage. Akacheka: "Mwache mtoto amalize, wewe mdomo."

Ndipo ukasema kwamba katika lugha ya mashine yenu madebe ni machache, mtu huyaomba kwa makusudi. Jina la kawaida halimwagwi. Ukisema x ni tatu, ni tatu. Ukija kusema x ni tano, imezaliwa x nyingine, imeifunika ya kwanza, haikuifuta. Na hesabu iliyoandikwa kabla, kwa x ya kwanza, bado inaiona tatu yake. Chuma kisicho na ukoo kinajuaje kumheshimu aliyetangulia?

Sasa mama yako ametutoka, kaka yako kapata binti, nasi kwa desturi yetu tukampa jina la marehemu. Ukatuandikia: "Mjomba, mmemfuta mama." Neno hilo limenilaza na njaa, mimi ninayemaliza sufuria ya ugali peke yangu.

Mpwa wangu, dada yangu hakuwa debe, hata tummwage tutie mwingine. Jana niliita uani, "Sekela." Kitoto mgongoni kwa mama yake kikageuza shingo. Na bibi yako, mama aliyemzaa dada yangu, aliyelijua jina hilo kabla yetu sote, akainua macho akatazama njia ya shambani, ile aliyokuwa akirudia mama yako na kuni kichwani. Akatabasamu, kama mtu aliyemwona anakuja.

Niliita mara moja tu, Atupele. Nikavua kofia, ile ile ya simba.

Njoo umwite na wewe, uone nani ataitika.

Ni mimi mjomba wako, mdomo, wa Uyole.