Hatukumlilia Mfalme, Mama

Mama yangu,

Barua huanza na salamu, lakini leo nina hasira, na wewe unanijua: nikiwa na hasira sijui kusalimia. Nisamehe, niingie kwenye maneno.

Jana asubuhi nilikuwa nimekaa barazani hapa Nachingwea nabangua korosho, redio ya mjukuu wangu inaongea dirishani. Mtangazaji alikuwa akiwauliza watu: ulikuwa wapi taifa lilipopatwa na msiba? Watu wakapiga simu. Mmoja akasimulia alivyokuwa sokoni siku meli ilipozama ziwani, mwingine alivyopata habari za kifo cha kiongozi akiwa shambani, akaweka jembe chini akakaa kwenye tuta. Nikawa nasikiliza kwa huzuni kama mtu mwingine yeyote. Kisha akapiga mzee mmoja, sauti ya mtu aliyesoma. Akasema yeye anakumbuka msiba wa zamani zaidi, enzi za mkoloni, alipokufa Mfalme wa Waingereza. Alikuwa mtoto kwenye kambi moja ya matrekta huku kwetu, baba yake ndiye karani na mkalimani.

"Wanawake wa kule walikuwa na upendo wa ajabu," akasema. "Walijitupa chini ya bendera wakamlilia mfalme ambaye hawajawahi hata kumwona. Marehemu baba alitusimulia mpaka anakufa."

Mtangazaji akasema, "Ama kweli mapenzi!"

Nilijigonga kidole kwa jiwe la kubangulia.

Mama, wanawake hao ni wewe. Ni wewe, na mimi, na majirani zetu. Na mtu tuliyemlilia ni Baba. Nayaandika haya wazi, asome kila anayejua kusoma, maana uongo huu umeshasemwa hadharani na mimi siwezi kuujibu kwa kunong'ona.

Unakumbuka mashine zilipofika? Tulikuwa tunakaa upande wa Lionja, kwenye ile nyumba yenye mlango unaogoma wakati wa mvua. Tulizisikia kabla ya kuziona. Miti iliyowazidi umri babu zetu ikalala chini kama mtama uliokatwa. Watu wakasema Wazungu wamekuja kulima karanga. Ulishika kiuno ukacheka mpaka ukakaa.

"Karanga?" ulisema. "Hizi hizi ninazopanda hapo nyuma? Wamevuka bahari na machuma yote hayo kufuata karanga?"

Baba naye akacheka. "Mama Somoe, machuma yao, kazi yetu." Kesho yake akaenda kuandikishwa.

Kazi yake ilikuwa kufunga minyororo kwenye visiki ili tingatinga livute. Jioni alirudi na vumbi jekundu mpaka kwenye kope, na wewe ulimmwagia maji nyuma ya nyumba huku ukimwambia hujui kama unamwogesha mume au unaosha muhogo. Niliwasikia mkicheka huko uani. Hivyo ndivyo ninavyotaka kumkumbuka, Mama. Lakini yule mzee wa redioni amenilazimisha nikumbuke na mengine.

Mnyororo ulikatika ukampiga kifuani. Walimpeleka kwenye zahanati ya kambi, nasi tukahamia kwenye kibaraza chake, wewe ukipika uji kwenye mafiga matatu, mimi nikiteka maji. Nilikuwa msichana ambaye ameanza kujifunga kanga mbili. Ilikuwa Februari, wakati wa kupalilia, mahindi bado machanga, ghala ziko tupu. Ulimnywesha Baba uji wa mtama kijiko kwa kijiko, na kila alipokunywa ulisema, "Umeona? Umeona?" kana kwamba umeshinda kesi.

Alfajiri moja hakumeza. Uliweka kijiko chini, ukamfumba macho, ukaniambia nikamwite Mjomba Bakari. Hukulia. Kaka yako alikuja na wanaume wa kijiji na jeneza, wengine wakiwa wamebaki wakichimba kaburi. Dresa, yule msaidizi wa dawa, alikuwa amemlaza Baba kwenye kijumba cha mawe nyuma ya zahanati na kutia kufuli, akituambia tungoje kidogo tu mpaka jamaa wafike.

Jamaa walifika. Tukasikia kipande cha reli, kengele ya kambi, kikigongwa, na hakikuwa kikigongwa saa zile. Mashine zikanyamaza moja baada ya nyingine. Tangu zije sikuwahi kusikia kimya kile. Hata kuku waliinua vichwa. Bendera ikashushwa nusu mlingoti. Wafanyakazi wote wakaitwa uwanjani wasimame mistari, kofia mkononi. Dresa naye akaenda, na ufunguo wa kijumba mfukoni mwake.

Mjomba Bakari alimfuata karani. Mimi nilikuwa nyuma yake, nimeyasikia yote.

"Bwana karani, tunaomba maiti yetu. Kaburi liko tayari."

"Leo hapafunguliwi kitu," karani akajibu. "Mfalme amefariki. Ni msiba wa taifa zima."

"Poleni. Na sisi tumefiwa."

"Mzee, mimi nakueleza habari ya Mfalme, wewe unaniletea habari ya mfunga minyororo? Njoo kesho."

"Kaburi likishachimbwa halilali wazi, mwanangu. Na maiti ya Kiislamu haingoji kesho kwenye joto hili. Ni ufunguo tu. Mtu mmoja atoke mstarini afungue, arudi."

"Hatoki mtu. Nenda kasimame na wenzako, na hiyo kofia vua."

Mjomba alivua kofia, Mama. Mtu mzima, mwenye mji, tunayemwamkia kwa magoti, alivua kofia mbele ya kijana mwenye kaptula iliyopigwa pasi. Akarudi kwetu akiifinyanga mikononi, akasema, "Dada, wamekataa."

Mfalme yule tulimjua kwa kichwa chake kwenye shilingi tu. Kwao askari wangeandamana, wangepiga mizinga, wangemvika na kumlaza kwa heshima. Sikuwa na ugomvi naye. Kifo ni kifo. Lakini niambie, heshima ya maiti yake ilipungua nini kama Baba angezikwa? Ni msiba gani huo wa taifa, ambao wenye taifa wanakatazwa kuzika?

Ndipo uliposimama. Ulikaza kanga kiunoni, ukanishika mkono, tukatembea kati ya mistari ya wanaume mpaka chini ya mlingoti. Hakuna aliyetuzuia, nadhani kwa sababu hakuna aliyefikiri mwanamke anaweza kufanya vile. Bwana mkubwa wa kambi alikuwa akisoma karatasi. Ukapiga magoti, ukafungua kinywa, na kilio ulichokuwa umekizuia tangu alfajiri kikatoka chote.

"Mfaume! Mfaume wangu weee! Wamekufungia kama mbuzi, Mfaume! Nani atakufungulia?"

Ulichanganya Kiswahili na Kimwera, ukamtaja kwa jina lake, jina ambalo nyumbani hukuwahi kulitamka kwa kumheshimu. Mfaume. Mimi nikaanguka karibu yako nikamlilia kwa jina la Baba. Wake wa wafanyakazi waliokuwa pembeni wakajua ni nini, wakaja wakalia nasi. Najua mashehe wanatukataza kupiga mayowe juu ya maiti. Siku ile hata Mjomba, aliyekuwa mkali wa mambo ya dini, hakutukataza.

Bwana mkubwa aliacha kusoma. Kiswahili chake kilikuwa cha jikoni na cha kufokea watu, lakini neno mfalme alilijua. Akamgeukia karani, akauliza kwa mshangao, "Mfalme? Wanalia Mfalme?"

Nilimwona karani, Mama. Alimjua Baba. Alikuwa akimwita kwa jina hilo kila siku ya mshahara. Aliutazama uso wa bwana wake, akatutazama sisi, kisha akaitikia kwa kichwa. "Ndiyo, bwana. Wanamlilia Mfalme."

Yule Mzungu macho yakamlowa. Alikuja akainama mbele yako, akasema maneno ya kwao kwa sauti ya chini. Karani akakufasiria huku akitazama pembeni, "Bwana anashukuru kwa mapenzi yenu. Anauliza akusaidie nini."

Ulijifuta uso kwa pindo la kanga. "Mwambie tunataka ufunguo."

Karani alisita. Ukanyoosha kidole kwa dresa, ukapaza sauti, "Ufunguo!" Neno hilo Mzungu alilijua vizuri, watu wenye vitu vingi hulijua mapema. Hakuelewa ni ufunguo wa nini, lakini alikuwa katika hali ya kutoa. Akamwashiria dresa. Dresa akaja mbio, akauweka mkononi mwako.

Tulimtoa Baba. Wenzake wa minyororo walipoliona jeneza likipita nyuma ya uwanja, baadhi yao walitoka mstarini wakaja kulipokea bega kwa bega. Mvua ilianza tukiwa njiani. Tulimzika kabla ya magharibi, kaburi linaingia maji, Mjomba akiyatoa maji kwa kibuyu, kofia yake imerudi kichwani. Na waliobeba jeneza, unawajua ni nani, kesho yake wakaambiwa wasirudi kazini kwa sababu walivunja mstari wakati wa heshima za Mfalme. Hao hakuna redio iliyowataja.

Lakini Mama, yapo na ya kwako. Nikiyaficha nitakuwa nimeandika nusu.

Ulipokuwa edani, umekaa ndani nyuma ya pazia la mkeka, nami nikikuhudumia, karani alikuja nyumbani. Alisimama nje akabisha hodi, ameshika furushi. Akasema bwana mkubwa amekuletea sukari na doti ya kitambaa cheusi, shukrani kwa ulivyomlilia Mfalme.

Ulimjibu kutoka ndani. "Rudisha. Mwambie bwana wako amlilie wa kwake. Mimi nilimlilia mume wangu, na jina lake unalijua."

Nilifurahi! Nilitaka kupiga vigelegele ndani ya nyumba ya msiba.

Karani akapiga magoti kwenye matope. Nilimchungulia. "Mama, nikirudisha hili atauliza kwa nini. Akijua nilimdanganya nitafukuzwa leo leo. Mke wangu amejifungua juzi. Nakusihi."

Nikakunong'oneza, "Mwache afukuzwe." Wewe ukasema, "Mtoto amepewa jina?" Akasema bado. Ukaniambia, "Somoe, pokea furushi."

Nililipokea. Sukari uliwagawia wale waliofukuzwa kazi, na kitambaa hukukivaa hata siku moja, kilioza sandukuni. Lakini hukusema neno tena. Waliokuuliza uliwaambia, "Yameshapita." Kambi ikafungwa, karanga zao zilizowashinda wakaziacha, matingatinga yakaota majani, karani akahamishiwa mjini kwa cheo kizuri. Akaondoka na kilio chetu kama mali yake. Akawasimulia wanawe, na wanawe wakakiamini, mpaka jana kikatoka redioni kimeoga na kuvaa.

Kwa miaka mingi nilidhani ulimwogopa. Sasa mimi mwenyewe nimezika mume na watoto, najua hukumwogopa mtu. Ulikihurumia kichanga kisicho na jina. Na huenda kichanga hicho, au kaka yake, ndiye mzee niliyemsikia. Ulimwachia baba yake kazi, yeye akakua akashiba, akasoma, na leo ananiambia mimi kwamba mama yangu alijigaragaza kwa ajili ya mtu wa kwenye shilingi. Sitaki kumtukana. Yeye hakudanganya, alidanganywa. Ila kinachonichoma ni kwamba watu walimwamini mara moja. Hakuna aliyepiga simu kuuliza: hao wanawake hawakuwa na wafu wao?

Tulikuwa nao. Wetu aliitwa Mfaume bin Salumu, mkulima na mfunga minyororo, mcheshi, aliyeogeshwa na mkewe kila jioni. Siku taifa lilipoambiwa liomboleze, mimi nilikuwa nyuma ya zahanati ya kambi, nikisubiri kijumba cha mawe kifunguliwe ili nimzike baba yangu.

Leo karani hayupo, bwana wake hayupo, na hakuna atakayefukuzwa kazi kwa maneno yangu. Siri uliyomtunzia imemaliza muda wake. Vitukuu wako niliwakalisha jana hiyo hiyo nikawaeleza, na mkubwa wao akauliza, "Kwa hiyo Bibi mkubwa alimsamehe?" Nikamwambia ndiyo.

Basi pumzika, Mama. Mwenyezi Mungu akulaze pema, wewe na Mfaume wako. Wewe ulisamehe, na kwa hilo nakuheshimu.

Mimi bado.

Mwanao wa kwanza,
Somoe