Mbuzi wangu na unga wa Mama Atieno

Jumapili, Njiru

Bado najicheka. Leo ushirika wa nyumba wa kanisa letu ulikuwa hapa kwangu, tukikusanya sadaka za shukrani. Mimi, muuza nyama wa soko la Burma, nikafundisha kwa kishindo: sheria ya Musa inataka damu, bila damu hakuna msamaha. Mbuzi niliyeahidi kumtoa nilimtaja pia.

Mama Atieno, anayefanya vibarua kiwandani, akauliza kwa upole, "Lakini Baba Njeri, si Walawi sura ya tano inasema asiyeweza hata njiwa wawili alete unga, naye asamehewe?"

Nikafungua. Imo. Miaka yote nimekuwa nikiishia kwenye mafahali wa sura ya nne.

Niliudhika kidogo, kisha nikapumua. Sheria haijipingi. Aliyeiweka ndiye aliyemwachia maskini mlango wazi, na mimi nilikuwa nimesimama mlangoni na kisu.

Ndipo Mama Atieno akatoa pakiti ya unga aliyokuwa ameificha chini ya kiti. Nikaipokea kwa mikono miwili.

Mbuzi nitampeleka kanisani, ila sitamtaja tena kwa mtu. Ingawa naona hata hapa nimeshamtaja, tena kwenye kichwa cha ukurasa huu, mbele ya unga.