Herufi za Jicho la Babu

Jumanne, 5 Juni 2001

Jambo hili sijamwambia mtu yeyote: ninachora majalada ya vitabu ambavyo havipo. Nabuni jina la kitabu, nabuni mwandishi, halafu nachora kwa kompyuta. Yote yako kwenye flopi yangu. Mtu akiingia dukani nafunga haraka.

Likizo. Leo nimefagia duka la Bibi Tatu, nimefuta vumbi kwenye kompyuta, nimesubiri umeme. Bibi Tatu ni binamu yake Babu. Alikuwa mpiga taipu wa ofisi ya korosho mpaka walipopunguzwa kazi. Kwa kiinua mgongo chake akafungua steshenari hii hapa mjini Masoko. Anapiga chapa bila kutazama vidole. Mausi ya kompyuta haigusi kabisa. Hiyo ameniachia mimi.

Kazi yetu ni kitabu cha Babu. Ni hadithi ambazo marehemu mkewe, Bibi Zena, alikuwa akiwasimulia watoto kule kijijini Kiranjeranje. Babu ameziandika kidogo kidogo tangu alipofiwa. Jumapili ya wiki ijayo ni hitima yake ya kila mwaka, na ukoo wote unakuja hapa kwetu. Baada ya dua Babu anataka kuwasomea watoto hadithi moja. Asome mwenyewe. Jicho la kushoto limeshaziba. La kulia lina mtoto wa jicho, na daktari amesema wasubiri akomae ndipo wamtoe. Babu anaogopa giza litaitangulia hitima.

Bibi Tatu anapiga maneno. Mimi napanga kurasa, picha na jalada. Nimefurahi sana.

Alhamisi, 7 Juni

Nimemchora Bibi Zena. Hakuacha picha hata moja, alikuwa akiikimbia kamera. Nimemchora kwa nyuma, ameinamia chungu, mkono wa kulia umeshika mwiko, kaniki nyeusi tii. Asubuhi yote imekwisha kwenye mstari mmoja wa bega. Ukiuvuta kidogo tu, mgongo unakuwa wa mtu mwingine. Alifariki nikiwa darasa la pili, na nilidhani nimemsahau. Mgongo sikuusahau.

Ndiyo picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchora. Naandika hapa kwa kuwa siwezi kulisema hilo kwa mdomo.

Bibi Tatu alisimama nyuma yangu akaitazama. Akaenda kufuta miwani.

Jumamosi, 9 Juni

Babu amekuja dukani kuona ukurasa wa kwanza. Hawa wawili ni watani, hawawezi kusalimiana kama watu wengine.

"Leo mume wangu kaikumbuka njia ya kwangu," Bibi Tatu akasema.

"Nimemfuata mke mdogo. Wewe umeshachuja."

Mke mdogo ni mimi. Niliona haya mbele ya mteja.

Babu akaushika ukurasa karibu na jicho, akausogeza mbali, akaurudisha. Akasema safi sana, herufi zimenyooka. Lakini nilikuwa nikimtazama. Jicho lake halikutembea kwenye mistari. Lilisimama mahali pamoja.

Hakusoma hata neno.

Jumatatu, 11 Juni

Jana nilimwandikia Babu jina la Bibi Zena kwa kalamu nene, kubwa kisha kubwa zaidi, mpaka akalisoma. Zinatakiwa herufi nene kama za bango la dukani.

Leo nikazikuza kwenye kompyuta. Kitabu kikavurugika. Mstari mzima, kisha neno moja peke yake, kisha mstari mzima, ngazi ngazi mpaka mwisho. Bibi Tatu amebonyeza kitufe cha enta mwisho wa kila mstari, kama anavyorudisha gari la taipureta, lile linalobeba karatasi. Kompyuta inakata mistari yenyewe, yeye haiamini.

Nilimweleza. Nilianza kwa kumwomba radhi. Akaniambia alianza kupiga taipu kabla mama yangu hajaota meno. Halafu hakunisemesha mpaka tulipofunga.

Nimelia uani. Kisha nikarudi kufuta enta moja moja. Hadithi ya sungura peke yake imechukua siku.

Jumanne, 12 Juni

Nimefika dukani nikamkuta Bibi Tatu amekaa kwenye kiti changu. Anafuta enta. Alikuwa amemaliza hadithi ya fisi na nusu ya hadithi ya chatu. Akasema, "Mke mwenzangu, umechelewa." Basi yameisha. Nampenda sana bibi huyu.

Jumatano, 13 Juni

Balaa. Kivuko cha Rufiji kimeharibika. Wino wa mashine ya kuchapa uko kwenye lori, ng'ambo ya mto, na hakuna ajuaye litavuka lini. Uliobaki ni kidogo. Herufi kubwa zimeongeza kurasa. Picha zangu nyeusi zinakula wino kuliko maneno. Tumejaribu kupunguza nakala, kila nyumba ipate moja tu. Bado hautoshi. Ama herufi kubwa, ama picha.

Bibi Tatu anataka picha zibaki. Kitabu bila picha ni hati ya mahakama, anasema. Turudishe herufi za kawaida, na Babu asomewe na mjukuu. Wajukuu waliosoma wako tele.

Nitaandika ukweli. Nilifurahi. Ningesoma mimi, na watu wote wangeiona picha yangu, na wangeuliza nani kachora. Nilitamani hivyo kutwa nzima. Najichukia kidogo.

Alhamisi, 14 Juni

Nimezitoa. Zote. Sungura, fisi, chatu. Bibi Zena nimemtoa mwisho. Ziko kwenye flopi, kitabuni hazimo. Jalada lina jina la kitabu tu, mistari miwili, herufi kubwa kadiri ukurasa ulivyokubali. Bibi Tatu akanitazama, akasema nina kichwa kigumu kama cha mume wake.

Jumamosi, 16 Juni

Tumechapa. Nakala ya mwisho imetoka na mistari myeupe katikati, wino umekata. Tumekunja, tumebana pini. Mikono inanuka mashine. Nyumbani wageni wa Kiranjeranje wamefika na mihogo. Usingizi hauji.

Jumapili, 17 Juni

Dua ikaisha, pilau ikaliwa. Watoto wakakaa mkekani. Babu akalileta jalada karibu na jicho, akasoma jina la kitabu. Kisha akafungua.

Alisoma polepole sana. Kila neno alilifuata kwa kidole. Mtoto mmoja akaanza kuchezea vidole vya miguu, mama yake akamfinya. Kwenye wimbo wa chatu Babu aliacha kusoma akaimba, na shangazi zangu wakaitikia bila kuambiwa, na mmoja akajifunika uso kwa mtandio. Halafu Babu akarudi kwenye ukurasa akapatafuta alipoishia. Akapaona. Akamaliza hadithi yote.

Jicho lilikuwa likimtoka machozi. Sijui ni ugonjwa au ni kitu kingine.

Bibi Tatu akatangaza mbele za watu kwamba kulikuwa na picha ya marehemu, nzuri ajabu, na mke mwenzake kaitoa. Nikakimbilia jikoni.

Jumatatu, 18 Juni

Babu ameniita barazani. Akaniambia nimsimulie picha niliyoitoa. Nikamsimulia kila kitu kilipokaa: chungu, kaniki, bega, mwiko. Alifumba macho.

"Mwiko umeushika mkono gani?"

"Wa kulia, Babu."

Akatabasamu. "Huo ni wa mbele za watu. Tukiwa wawili alisonga kwa mkono wa shoto."

Nikampelekea maji ya kutawadha.

Jumanne, 19 Juni

Lori bado. Umeme umekuja mapema. Nimefagia duka, nimefuta vumbi. Bibi Tatu alikuwa akipiga barua ya mteja. Nimefungua ukurasa mpya, nikaanza na mkono wa kushoto wa Bibi Zena, umeshika mwiko. Mtu aliingia kununua bahasha. Sikufunga.