Siku Mama Alikaa pa Mulango

Mujukuu wangu Mado, jambo sana. Huku Lubumbashi tuko bazima, na dada yako amezaa mutoto mwanamuke.

Unaniuliza kama urudi, sababu kule Lizboni, Bulaya, tajiri aliyenunua nyumba alipewa karatasi za kukaa, na weye unayeosha bazee ba kule ungali unangoja.

Baba yangu, mufanyakazi wa mugodi wa shaba, alipokufa, shefu wa kambi ya mine kule Kipushi alituambia, "Mutoke, nyumba ni ya bafanyakazi."

Mama akaweka nyungu ya bukari, ugali wetu, pa mulango, akakaa, akamuuliza shefu: "Ule mufanyakazi wenu, nani alimupikia?"

Bamama majirani bakakuja kukaa naye. Siku ya tatu shefu akaacha kupita kutufukuza. Tulibakia.

Ukitutamani, kuja, mutoto wangu. Lakini kurudi sababu batu ba kule bamekuchokesha na kungoja? Apana!

Nkambo yako, Mwadi